UZI: Kwa nini "I'll probably come" lakini "I probably won't come"? Mahali pa kielezi unapofupisha "will"

Kalamu_Huru

Wakuu, salaam.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu jambo hili linawasumbua wengi wanaoandika Kiingereza, na jibu wanalopewa mara nyingi ni "soma sana, utazoea". Kusoma sana ni kuzuri, lakini hapa upo utaratibu unaoelezeka. Asiyeujua anaweza kuandika sentensi iliyonyooka kisarufi, isiyo na kosa hata moja la kupigiwa mstari mwekundu, na bado ikasema kinyume cha alichokusudia. Hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika kwa kirefu.

Tazameni hizi mbili:

I'll probably come.
I probably won't come.

Zote ni sahihi, zote zinazungumzia wakati ujao, zote zimefupishwa. Lakini katika ya kwanza "probably" imekuja baada ya kisaidizi (kitenzi kisaidizi, hapa "will") kilichofupishwa, na katika ya pili imekitangulia. Ukiigeuza ya pili ukaandika "I won't probably come", mwenye lugha atakuelewa, ila atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Tuanze na ufupisho wenyewe. Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao ndani ya kitenzi kama -ta- yetu. Kina neno linalojitegemea, "will", na neno hilo hufupishwa kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Njia ya kwanza, "will" hupoteza mwanzo wake, na mabaki yake huegemea kiima: I'll, she'll, they'll, it'll, there'll, that'll. Njia ya pili, "will" hubaki imesimama na "not" ndiyo inayopungua na kuiegemea: won't. Ile "o" ya won't inatokana na "wol", umbo la kale la kitenzi hicho hicho. Ritifaa (ile alama ya ') ni moja kwa macho, lakini kinachoegemea na kinachoegemewa ni vitu tofauti. Karibu kila nitakachosema kwenye uzi huu kinatoka hapo.

Sasa kielezi. Mahali pa kawaida pa kielezi cha katikati ya sentensi ni mara tu baada ya kisaidizi cha kwanza: She will probably come. He will never agree. They will soon arrive. Ukifupisha, kielezi hakihami: She'll probably come. He'll never agree. They'll soon arrive. Hapo hakuna shida.

Shida huanza mtu anapotaka kielezi kitangulie. Mabaki 'll hayana mkazo wala silabi imara ya kujisimamia, kwa hiyo katika maandishi yanataka yaandamane na kiima. Ukichomeka "probably" kati ya "she" na 'll, yanakosa pa kuegemea. Ndiyo maana ukitanguliza kielezi, "will" hurudi nzima: She probably will come. Sentensi hiyo ni sahihi, ila ina kazi maalumu ya kukazia. Mwenzako anaonyesha shaka kwamba mtu fulani hatafika, nawe unamjibu: "Actually, she probably will come." Mkazo wa sauti unaangukia "will". Mtu asiye na haja ya kukazia chochote atasema "She'll probably come" na kuendelea na mengine.

Kwa upande wa won't, vielezi kama probably, certainly na definitely huonyesha msimamo wa msemaji juu ya habari nzima, pamoja na ukanushi uliomo ndani yake. Katika "I probably won't come", kinachoelekea kutokea ni kipi? Ni kutokuja. Kwa hiyo "probably" inapaswa kuitangulia "not". Ila "not" imeshagandana na "will" na hakuna upenyo kati yao, basi kielezi kinasogea mpaka mbele ya won't nzima. Ukiking'ang'ania kikae baada ya "will", itabidi uvunje won't: "I'll probably not come". Ni sahihi pia, ila haisikiki sana katika mazungumzo ya kawaida.

Kwa kifupi cha kushika kichwani: vielezi hivi vya uhakika hukaa baada ya 'll na kabla ya won't. Ila msiishie hapo, kwa sababu si vielezi vyote vilivyo hivyo. Karibuni kwa maswali.

Msomaji_Kimya

Asante sana mkuu, huu ni uzi wa kuhifadhi. Mimi nilifundishwa kwamba kielezi hakitakiwi kumtenganisha "will" na kitenzi chake. Tuliambiwa tuandike "I probably will come" hata kama hatukazii kitu, kwamba ndiyo Kiingereza safi cha kuandika. Nani yuko sahihi?

Kalamu_Huru

Msomaji_Kimya, karibu. Katazo hilo nalifahamu, na nakuomba uliache kwa moyo mweupe.

Limezaliwa na katazo lingine linalojulikana zaidi, lile la kutoweka kielezi kati ya "to" na kitenzi. Hilo lenyewe lina msingi dhaifu. La kutotenganisha "will" na kitenzi halina msingi kabisa. H. W. Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ilitoka mwaka 1926 na kuheshimiwa na wahariri kwa miongo mingi, alieleza kwamba kati ya kisaidizi na sehemu inayobaki ya kitenzi ndipo mahali pa kawaida pa kielezi. Yeye si mtu wa kulegeza lugha, kwa hiyo ushahidi wake una uzito.

Mfano ulio hai kuliko wote ni kiapo cha rais wa Marekani. Katiba ya nchi hiyo, iliyoandikwa mwaka 1787, imetoa maneno ya kiapo neno kwa neno, na humo mna "I will faithfully execute the Office of President of the United States". Kielezi "faithfully" kimekaa palepale nilipopataja, baada ya "will" na kabla ya kitenzi. Tarehe 20 Januari 2009, Jaji Mkuu John Roberts alipokuwa akimwapisha Barack Obama, alikitamka kielezi hicho mwishoni, baada ya "execute" na yote yaliyoifuata. Obama akasita katikati. Roberts akajaribu kurekebisha, na mwisho wa yote rais akaapa "faithfully" ikiwa mwishoni. Kesho yake kiapo kikarudiwa Ikulu ya White House kwa tahadhari, ili asije mtu akahoji uhalali wake.

Steven Pinker, mtaalamu wa isimu na saikolojia, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba huenda zoea la kuepuka kutenganisha kisaidizi na kitenzi ndilo lililomponyoka Roberts bila yeye kutaka. Hiyo ni dhana ya Pinker, na hakuna aliyeingia kichwani mwa jaji. Lakini inaonyesha jinsi katazo lisilo na msingi linavyoweza kumfanya hata mtu makini asogeze neno lililokuwa limekaa vizuri kwa zaidi ya miaka 200.

Kwa hiyo andika "I'll probably come" au "I will probably come" bila wasiwasi, hata katika barua rasmi. Nyongeza ndogo: Wamarekani hutanguliza kielezi mbele ya "will" mara nyingi kuliko Waingereza, kwa hiyo ukiikuta "probably will" kwenye gazeti lao usiione kosa.

Mfasiri_Mkongwe

Ndugu mleta uzi, umegusa penyewe. Naomba niongeze kitu kutoka kwenye kazi ya tafsiri, kwa sababu naona watu wengi wanadhani hili ni suala la mtindo tu, yaani kipi kinapendeza masikioni. Kwa "probably" ni kweli linakaribia kuwa suala la mtindo. Kwa vielezi vingine ni suala la maana, na mfasiri akilikosa anapotosha maandishi ya watu.

Chukueni "deliberately".

He deliberately won't answer.
He won't deliberately break it.

Ya kwanza inasema amekusudia kutojibu. Kusudio lipo, na linahusu kukaa kimya. Ya pili inasema hatakivunja kwa makusudi, ingawa kwa bahati mbaya anaweza akakivunja. Hapo kinachokanushwa ni kusudio lenyewe. Kielezi kimevuka won't, na kilichokanushwa kimebadilika. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: kinachokuja baada ya won't kimo ndani ya ukanushi, na kinachotangulia won't kiko nje yake.

Kwa mantiki hiyo hiyo, "I definitely won't come" ni hakika sitakuja. "I won't definitely come" ikiwa na maana yoyote, basi ni kwamba siwezi kuahidi kwa hakika kuja. Mtu anayesubiri jibu la mwaliko anahitaji kujua umemwambia ipi.

Kalamu_Huru

Mfasiri_Mkongwe, ahsante sana. Umeisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga kuisema, na kanuni yako ya ndani na nje ndiyo moyo wa uzi wote. Naomba niiendeleze, maana utajiri uko hapa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "still", kwa sababu unageuza hali juu chini:

She still won't be here at six.
She won't still be here at six.

Ya kwanza: hata saa kumi na mbili ikifika, atakuwa bado hajaja. Ya pili: saa kumi na mbili atakuwa ameshaondoka. Maneno ni yale yale, idadi ni ile ile, na kilichobadilika ni nani kamtangulia nani kati ya "still" na "won't". Mtu akipanga kukutana na huyo mama kwa kufuata sentensi isiyo sahihi, atamkosa.

"Just" nayo ni hivyo. "I just won't go" ni siendi, basi, wala sina maelezo ya ziada. "I won't just go" ni sitaondoka hivi hivi tu, kuna jambo nitalifanya kwanza. "Really" vilevile: "I really won't enjoy it" ina maana kwa kweli sitafurahia, na "I won't really enjoy it" ni laini zaidi, kwamba sitafurahia sana. Wa kwanza anakataa kwa nguvu, wa pili anakataa kwa upole. Ukiwa unamjibu mtu unayemheshimu, tofauti hiyo unaihitaji.

Viko pia vielezi vinavyopenda kubaki ndani ya ukanushi. "Necessarily" ni mmoja wao: "I won't necessarily agree", si lazima nikubali. Kuitanguliza mbele ya won't ni nadra mno. "Even" nayo: "He won't even look", hata kutazama hatatazama. Na "ever" haiwezi kabisa kutangulia: "I won't ever go back" inakubalika, lakini "I ever won't" haipo. Maana hiyo hiyo unaipata kwa "I'll never go back", ambapo ukanushi umehamia kwenye kielezi na kisaidizi kikafupishwa kwa ile njia ya kwanza. Hapo msichanganye njia mbili, kwa kuwa "I won't never" ni ukanushi mara mbili na haukubaliki katika Kiingereza sanifu. Hata "hardly" inabeba ukanushi tumboni mwake, kwa hiyo ni "I'll hardly notice", bila won't.

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, na naomba mlisome polepole. Neno letu "kabisa" likikutana na ukanushi huukaza. Sitakubali kabisa, yaani hakuna nafasi hata ndogo ya kukubali. Mtu akichukua "kabisa" akaigeuza kuwa "completely" na kuiacha mwishoni kama ilivyo kwetu, anapata "I won't agree completely". Sentensi hiyo ni Kiingereza kizuri, na inasema kwamba nitakubali kwa sehemu! Kielezi kimeingia ndani ya ukanushi, na kilichokanushwa ni ukamilifu wa kukubali, kukubali kwenyewe kumebaki. Katika mazungumzo ya mkataba, hiyo ni tofauti ya kufungua mlango badala ya kuufunga.

Ukitaka "sitakubali kabisa", sema "I absolutely won't agree", kielezi kikiwa nje. Au tumia "at all", ambayo hukaa mwishoni na kufanya kazi ile ile ya "kabisa" katika ukanushi: "It won't help at all", haitasaidia kabisa. Linganisha na "It won't completely solve the problem", ambayo inakiri kwamba tatizo litapungua.

"Daima" ina mtego huo huo. Anayetaka kusema sitamsahau daima, akaandika "I won't always forget", amesema kwamba kuna siku atakumbuka na kuna siku atasahau. Kinachotakiwa ni "I'll never forget her".

Nuru_ya_Jioni

Hii ya "completely" imenigusa mkuu. Naomba kuuliza kuhusu "pia". Nikitaka kusema "mimi pia sitakuja", naona watu wanaandika "I also won't come" na wengine "I won't also come". Ipi?

Kalamu_Huru

Dada Nuru, ya kawaida si yoyote kati ya hizo mbili. Ni "I won't come either". Katika ukanushi Kiingereza huiacha "also" na kuchukua "either", na hiyo hukaa mwishoni. "I also won't come" utaisikia, hasa pale mtu anapoorodhesha mambo kadhaa ambayo hatayafanya yeye mwenyewe: "I won't call, and I also won't write." Hapo inafaa. "I won't also come" iepuke, maana kwa kanuni ya ndani na nje inaelekea kusema kwamba sitaongezea kuja juu ya mengine.

Katika uyakinishi hakuna tatizo: "I'll also come" au "I'll come too".

Mwanachuo_B

Naweka kambi hapa. Swali langu: kwa nini nikiulizwa "Will you come?" siruhusiwi kujibu "Yes, I'll", wakati "No, I won't" inaruhusiwa? Na "I'll probably" je?

Kalamu_Huru

Swali zuri sana, na linarudi pale pale kwenye kuegemea.

'll ni mabaki yasiyo na mkazo. Yanategemea kiima upande wa kushoto, lakini vilevile yanataka kitenzi kiwepo mbele yake. Kitenzi kikiachwa kwa kuwa kinaeleweka, mkazo wa sentensi huangukia kisaidizi, na kisaidizi chenye mkazo hakifupishwi kwa njia hiyo. Kwa hiyo ni "Yes, I will". Ni hivyo hivyo katika ulinganisho: "You'll finish sooner than I will", wala si "than I'll". Won't haina tatizo hilo kwa sababu ndani yake "will" haijaegemea kokote. Imesimama yenyewe, ina irabu kamili, inabeba mkazo.

Na tazama kielezi kinavyofuata mkondo huo. Katika jibu fupi kinatangulia: "I probably will", "I certainly will", "I always will". Sababu ni kwamba kielezi cha katikati hakipendi kubaki mwishoni kikining'inia pale ambapo kitenzi kimeondoka. "I'll probably" ikiishia hapo, msikilizaji ataendelea kungoja. Basi katika majibu mafupi ule utofauti wa mwanzo wa uzi unatoweka: "I probably will" na "I probably won't" zina mpangilio mmoja.

Kwa maswali, kumbuka tu kwamba "will" ikiruka mbele ya kiima, kielezi hubaki baada ya kiima: "Will she ever agree?" "Will they still be there?" Na ukitanguliza "never" kwa mkazo, kiima na kisaidizi hubadilishana nafasi: "Never will I forget it". Hapo nako 'll haiwezekani.

Mfasiri_Mkongwe

Mleta uzi, naomba tukubaliane jambo moja. Umesema "I'll probably not come" haisikiki sana katika mazungumzo. Kwa Kiingereza cha Scotland na kaskazini mwa Uingereza, "I'll not" ni ya kila siku. Watu wanasema "I'll not be long" bila uzito wowote. Na huko Scotland utasikia pia "I'll maybe come", wakati kwingine "maybe" huanza sentensi: "Maybe I'll come". Nisingependa wasomaji wadhani hao wanakosea.

Kalamu_Huru

Nakubali kabisa, na ni vizuri umeliweka wazi. Nilikuwa naongelea matumizi yaliyoenea zaidi. Mtu akiishi na watu wa Scotland, afuate masikio yake.

Na umenikumbusha kitu kinachothibitisha hoja nzima kutoka upande mwingine. Wakati ujao wa Kiingereza una njia nyingine, "going to", na kisaidizi chake ni "be". Sasa, kwa nafsi ya kwanza Kiingereza sanifu hakina ufupisho wa "am not" wa aina ya won't. "Amn't" ipo Scotland na Ireland, kwingine haitumiki. Kwa hiyo msemaji hana chaguo ila kufupisha upande wa kiima: "I'm not going to come". Na kielezi kinakaa wapi? Kati: "I'm probably not going to come." Hiyo ni ya kawaida kabisa kila mahali, haina uzito wa "I'll probably not". Nafsi nyingine zina njia zote mbili: "She's probably not going to come" na "She probably isn't going to come", zote zinasikika vizuri. Kielezi chenyewe hakijabadilika tabia. Siku zote kinataka kuitangulia "not". Panapokuwa na upenyo mbele ya "not" kinaingia hapo, na usipokuwepo kinasogea mbele zaidi.

Nitaje pia njia ambayo wenye lugha wenyewe huitumia kila siku, nayo inaondoa kielezi kabisa: "I don't think I'll come." Ukanushi unapandishwa kwenye kitenzi cha kwanza, na wakati ujao unabaki na 'll. Kiswahili nacho kina "sidhani kama nitakuja", kwa hiyo haitupi taabu. Kwa kukataa mwaliko kwa adabu, "I don't think I'll be able to come" ni laini kuliko "I probably won't come".

Nuru_ya_Jioni

Na "shall" je? Nikiandika "I'll" msomaji anajuaje nimekusudia will au shall?

Kalamu_Huru

Hajui, na hahitaji kujua. Kanuni ya "shall" kwa I na we, na "will" kwa wengine, ilienezwa na kitabu cha sarufi cha John Wallis cha mwaka 1653, na wasemaji wengi hawaifuati leo. Mahali pa kielezi ni pale pale kwa zote mbili. Umbo la ukanushi la shall ni "shan't", nalo linafuata won't katika kila kitu: "I probably shan't come".

Msomaji_Kimya

La mwisho kutoka kwangu mwalimu. Visaidizi vikiwa viwili au vitatu, mfano "they'll have been told", kielezi kinaingia wapi? Na kwa nini "I'll tomorrow call you" inakataliwa wakati sisi tunasema "nami kesho nitakupigia" bila shida?

Kalamu_Huru

Nianze na hilo la pili kwa kuwa ni jepesi. Vielezi vinavyotaja wakati mahususi, kama tomorrow, next week, on Monday, havina nafasi katikati ya sentensi. Vinakaa mwanzoni au mwishoni: "Tomorrow I'll call you", "I'll call you tomorrow". Vielezi vya wakati usiotajwa barabara, kama soon, always, never, still, already, ndivyo vinavyoingia katikati. Na vikienda mwishoni visikae kati ya kitenzi na yambwa: "I'll finish the report tomorrow", wala si "I'll finish tomorrow the report".

Kuhusu visaidizi vingi, gawa vielezi kwa kazi yake. Kinachopima habari nzima kinakaa baada ya kisaidizi cha kwanza: "They'll probably have been told." Kinachoeleza namna tendo lilivyofanyika kinasogea mpaka kukaribiana na kitenzi kikuu: "They'll have been carefully checked." Vyote viwili vinaweza kuishi katika sentensi moja bila kugombana: "They'll probably have been carefully checked." Ukivibadilishana nafasi, "They'll carefully have been probably checked", sentensi inavunjika. "Already" ni huru zaidi kidogo, maana "They'll already have left" na "They'll have already left" zote zinatumika.

Ukiikanusha hiyo ndefu, kanuni ya ndani na nje inafanya kazi ile ile: "They probably won't have been carefully checked." Probably iko nje, kwa kuwa ni maoni yako juu ya habari nzima. Carefully iko ndani, kwa kuwa inawezekana zimekaguliwa, ila si kwa makini.